Kizibao cha Mtumba

Ndani ya kopo la shayiri nimehesabu mara mbili:
zloti mia saba na arobaini,
na vijisarafu ambavyo hata mashine ya kahawa huvitema.
Miezi mitano ya kukanda mikate usiku, hapa Katowice,
na mgongo bado haujanisamehe.

Dukani, Bogusz alinivisha kipya.
Kilinikaa kama kimeshonwa na mtu anayenipenda:
mifuko ya risasi inayochomoka kwa mvuto mmoja,
pete za chuma kila pembe, rangi ya zambarau.
Nikageuza kikaratasi cha bei.
Nikakirudisha kilivyokuwa, polepole,
kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Felicja, aliyenifundisha kupumua chini ya maji,
hana huruma na wanunuzi wa rangi.
"Kule machimboni zambarau na kijivu ni ndugu," alisema.
"Tazama kinachoingiza hewa. Tazama kinachoitoa.
Kisha kijaze, ukivae, useme sentensi ndefu.
Ukikosa pumzi kabla ya nukta, si chako."
Mpanda mchongoma, ngoma yake iko kwenye kushuka.
Yetu iko kwenye kupanda.

Basi nikachukua tramu hadi Bytom,
kwa Alojz, aliyechimba makaa miaka ishirini na saba
na ambaye daktari amelipiga marufuku sikio lake la kushoto.
Alikilaza mezani, kando ya chupa ya matango.
Cheusi. Kimechujuka mabegani.
Mshono mmoja umeungwa kwa uzi wa kuvulia samaki.
"Mia sita na hamsini," alisema.
Mimi sijui kupatana bei, nikanyamaza.
Kimya changu kikashusha hamsini.
"Nenda nacho. Kilaze kwako usiku mmoja.
Kikiamka kimesinyaa, ukirudishe."

Nilikipuliza kwa mdomo mpaka masikio yakalia,
nikakiketisha kwenye kiti cha jikoni.
Kikakaa kifua mbele,
kama shemeji aliyekuja kudai.
Nikaenda kazini, nikarudi alfajiri na unga kwenye kope,
nikakibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kuvua viatu.
Kifua kipo. Bega moja limelegea,
kidogo tu,
kiasi cha mtu kujidanganya akitaka.

Sikutaka. Nikajaza bafu,
nikakizamisha, nikakikalia na suruali yangu ya kazi,
kikinisukuma juu kama mbuzi asiyependa kuogeshwa.
Nyuma, kwenye vali ya chini: povu moja.
Nikahesabu hadi kumi na moja.
Povu lingine.
Rahisi huvunja upishi, niliwaza, makalio yameloa.

"Pete ya mpira," Alojz alisema kwenye simu.
"Zloti nane, dukani kwa huyo Bogusz wako.
Toa hamsini nyingine, na usinipigie tena."

Kabla ya kubadilisha pete nilikisuuza tumbo:
maji vuguvugu kupitia bomba, tikisa, geuza, mimina.
Yalitoka na mchanga kidogo, mweupe, si wa kwetu.
Nikaonja kidole. Chumvi.
Si ya Baltiki, iliyopooza kama mchuzi wa hospitali.
Chumvi kali, ya bahari fulani
ambayo Alojz hakuitaja hata kwa neno.
Nilitamani kumuuliza ni ipi.
Alishasema nisipige.

Jumamosi, machimbo ya Jaworzno, nyuzi saba za baridi.
Chini yetu katapila lililozama limefungua mdomo.
Nabonyeza kitufe mara moja. Nangoja.
Nabonyeza nusu.
Magoti hayagusi tope, kichwa hakikimbilii mwanga.
Napumua: napanda kiasi cha kiganja.
Natoa: narudi.
Felicja ananitazama, mikono kifuani,
na kwa mara ya kwanza hana la kurekebisha.

Kwenye kopo imebaki mia moja na themanini na kitu.
Begani, uzi wa kuvulia samaki unanikwaruza.