Kisanduku

Mchoro niliufunga mimi.
Nilitaka ukae ukutani kama picha ya harusi:
uzito wa korosho, Oktoba hadi Januari,
mstari wa buluu unapanda, unashuka,
hakuna wa kuuvuta, hakuna wa kuukoroga.
Watapotea, nilimwambia katibu.
Wakibonyeza ovyo watajikuta wametokomea
kwenye weupe usio na tarehe.

Ghala la Kitangari lilinuka magunia na mafuta ya maganda.
Projekta ilikohoa vumbi.
Nikasoma wastani. Wakapiga makofi machache,
ya adabu.

Bi Somoe Nampoto hakupiga.
Stakabadhi yake ilikuwa kwenye pindo la khanga,
imekunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa.
"Hapo katikati," akasema. "Pasogeze."
Hapasogei, mama.
"Picha inayokataa kusogelewa
ina nini mgongoni?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.
Nilirudi kwenye kompyuta, nikafuta neno moja,
nikaandika lingine,
kisha nikampa kipanya.

"Panya tena, humu ghalani!"
Akakishika kwa kiganja chenye madoa meusi
ya utomvu wa korosho, yale yasiyosikia sabuni.
Mara ya kwanza kisanduku kilimponyoka,
kikazoa Desemba na nusu ya hewa.
Mara ya pili alibana pumzi,
akakivuta polepole, kona hadi kona,
kama anayempimia mwanawe kiwanja,
akaachia.

Mstari uliokuwa laini ukatoa meno.
Novemba, wiki ya tatu. Siku nne, mzani mmoja,
magunia pungufu kilo mbili mbili
kana kwamba yameambizana.

Projekta peke yake ndiyo iliyokohoa.

Nilidhani ataishia hapo, atangaze wizi.
Akaniuliza, "Kurudi kunafanywaje?"
Bonyeza mara mbili.
Msimu wote ukarudi, mpole, kama hauna neno.
Akasogea tena. Akarudi. Akasogea.
"Nataka nijue ukubwa wake," akasema,
"nisije nikaulilia msimu mzima kwa siku nne,
wala nisifichiwe siku nne ndani ya msimu."

Mzee Chilumba akajipangusa mikono kwenye suruali.
"Na mimi nina tarehe yangu."

Hadi saa kumi foleni ya kipanya
ilikuwa ndefu kuliko ya mzani.
Mpimaji alisimama wa sita,
kofia mkononi.