Ugonjwa wa Bati

Januari, Valga. Leelo kapanda ngazi
kukagua filimbi za kinanda cha kanisa.
Agusa moja: kidole chatoka na unga wa kijivu.

“Kutu?” mchungaji auliza kutoka chini.

La. Chuma ndicho huoa hewa, kikazaa kutu.
Hili ni bati lile lile,
halikuchanganyika na yeyote.
Baridi imelipanga upya tu,
likavimba, likapukutika,
likasahau kuimba.

Aukung’uta unga ndani ya bahasha.
Nyumbani atauyeyusha kwa sufuria ya maziwa
uwe tena tone jeupe, lenye macho.

Mshumaa wake, wakati huo, umefupika.
Nta iliyomwagikia ngazi ataikwangua,
kesho ataiwasha.

Iliyokwisha kuwaka, hata mchungaji
hajui sala yake.