Vizibo

Mjomba Khaemba karudi Chwele na soksi
imejaa vizibo vya chupa, arobaini na kimoja.
Hiki cha Praha. Hiki Ubelgiji, bia ya watawa.
Hiki, nilikunywa nikilia; mji nimeusahau.

Nasambu hakuuliza bei.
Akaongeza maji moto chunguni, busaa ikapumua,
akachomoa darini mrija wa marehemu babu,
ungali na uzi wake wa kijani.

Mjomba akavuta.
Waliokuwa wakibishania mbolea wakanyamaza.

"Imechacha kidogo."

"Wewe ndiye uliyechelewa," akasema Nasambu,
akimsogezea kigoda.

Vizibo tuligawana sisi watoto.
Kesho yake, kwenye ubao wa drafti,
Praha iliila Ubelgiji mara mbili,
na kile kisicho na mji
kikawa mfalme.