Baiskeli Isiyo na Magurudumu

Nilimwonyesha fundi Shomvi picha kwenye simu yenye ufa,
akaivuta kwa vidole viwili, akaipindua, akacheka:
"Mzee Mbonde, hiki si kiti. Hii ni baiskeli
isiyo na magurudumu. Nani kakutuma?"

Hakuna aliyenituma. Nimetumwa vya kutosha.
Miaka ishirini na miwili, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Samora,
nilisimama mbele ya kiti kama hicho, faili kifuani,
nikingoja saini. Mabomba yake yaling'aa hata umeme ukikatika,
mikanda ya ngozi nyeusi imewambwa kama ngoma,
na ile harufu: ngozi, na sigara ya mtu asiyeharakishwa.
Mkurugenzi aliketi ndani yake kama barua ndani ya bahasha.
Mimi nilihesabu vigae,
kumi na saba kutoka mlangoni hadi kwenye viatu vyake.

Kampuni ilipofilisika walinadi kila kitu, hadi feni.
Kiti kilikwenda kwa bei ya kiwanja cha Chanika.
Orodha niliishika mimi. Nikatia tiki, nikafunga kitabu.

Keko, basi. Alianza na laki sita, akashuka hadi nne na nusu:
nusu mkononi, robo siku ya kuchukua,
robo pensheni ikitoka.
Alishindilia mchanga ndani ya bomba
ili lisivunjike kiuno likipindwa,
akalipasha moto, akalibembeleza juu ya goti
kama anayemfunga mtoto kiatu.
Grenda ikatema cheche mtaroni.
Nilikuja na sumaku mfukoni (mhasibu hastaafu)
nayo ikalishika bomba kama kupe.
"Chuma cha kawaida hiki. Uliniambia stenlesi."
"Stenlesi ni laki tisa, mzee. Hiki tumekichovya kromu.
Chumvi ya bahari itachukua miaka minne kukijua."
Na ngozi?
Akashusha sauti. "Ya mbele ni ng'ombe. Ya nyuma,
ng'ombe hakutosha."

Kikafika Tandika juu ya guta, kimefungwa kanga chakavu,
watoto wakikikimbilia wakidhani ni kitu cha hospitali.
Mwanahija, mke wangu, akakizunguka mara mbili.
"Mtu anaingilia wapi humu?" akauliza.
"Na akishaingia, anatokea wapi?"

Usiku, wote wamelala, nikakikalia.
Nacho kikalia,
mlio mdogo, chini, upande wa kushoto.
Nikangoja kujisikia mtu.
Mbele yangu ukuta, kalenda ya duka la mbolea,
na pale pa kusimama mwenye faili, hapana mwenye faili.
Mikono sikujua niiweke wapi.
Nikainuka, nikasogea hatua tatu, nikageuka kukitazama,
na mgongo wangu ukanyooka wenyewe.
Huku ndiko nilikokuzoea.

Jumamosi Shomvi akaja kufuata robo yake.
Akasimama mlangoni, kofia mkononi, risiti kifuani.
Nikajikuta nahesabu vigae,
na nyumba yangu ni ya saruji.
"Keti."
"Wapi?"
"Hapo."
Akajipangusa makalio kwa viganja vyote viwili.
"Nimeshatengeneza kama arobaini," akasema,
"huwa navijaribu kwa goti tu."
Akazama. Kikalia.
Papo hapo akainama, kidole kikapapasa chini, kushoto,
kikasimama penye kovu la kuchomelea.
"Hapa niliharakisha. Adhana ilikuwa imeshaanza.
Nikirudishe Keko, mzee, dakika kumi tu."

Nilikuwa nimesimama mbele yake, noti mkononi,
nikingoja.
"Kiache," nikasema.
Mwanahija akaingia na chai,
akatutazama, mmoja, kisha mwingine,
akasita na kikombe cha kwanza.