Kivuli cha Fimbo Moja

Tuliagana kwa simu, mimi na kaka yangu Amos:
siku ile usiku na mchana vinapotoshana,
kila mtu asimamishe fimbo ya mita moja,
na jua likifika juu kabisa, apime kivuli.

Yeye yuko Nain, pwani ya Labrador.
Mimi Tobermory, kisiwani Mull, Uskoti.
Atlasi ya shule imetufunga kwa uzi mmoja:
nyuzi hamsini na sita na nusu, kaskazini.

Nilikata mpini wa ufagio,
nikausimika nyuma ya karakana ya samaki,
nikachora kwa chaki sakafuni.
Wanakondoo walikuwa wakilia mlimani.
Mita moja na nusu, na unywele.

Saa nne baadaye simu ikalia.
Amos alikuwa ameichomeka yake katikati ya ghuba,
juu ya bahari, naam, juu yake,
pale pikipiki yake ya theluji ilipozimika juzi,
akakata mstari kwa kisu cha mama.
"Mita moja na nusu," akasema, "na unywele."
Pumzi yake ilikwaruza kwenye simu.
"Baridi gani?"
"Kumi na nane chini ya sifuri. Kwako?"
Niliona haya. Koti langu lilikuwa wazi vifungo vyote.

Basi jua halina upendeleo.
Limetupimia pishi moja kwa mkono mmoja.
Nani amepunja njiani?

Jirani yangu Effie ana mti bustanini
unaojifanya mnazi,
umesimama kwenye mvua ya Machi bila aibu.
"Ni maji," huniambia akipangusa miwani,
"mto wa joto ndani ya bahari,
unatoka kusini mpaka mlangoni petu."
Kweli. Ila si kweli yote,
maana mama alipompokonya Amos simu
hakuuliza habari ya maji.
"Hulda, upepo wa huko unatoka wapi?"
"Magharibi, mama."
"Na huu wetu ni wa magharibi. Sasa uulize umelala kwa nani."

Upepo wao umelala bara.
Umepita maziwa yaliyoganda,
misonobari iliyoinamia theluji,
maili kwa maili bila jiko lenye moto,
na unaingia Nain mikono mitupu.
Hata ukigeukia bahari, bahari imefunikwa kama chungu,
na nje ya barafu mkondo wa Aktiki unashuka
ukisukuma milima myeupe mbele ya mlango.

Wangu umelala juu ya maji, usiku baada ya usiku,
maji yaliyokula kiangazi kizima yakaweka akiba.
Unafika umelowa, unanuka chumvi,
na joto kidogo limefichwa kwapani
kama kiazi cha moto kilichoibwa jikoni.

Amos, anayesoma vipimo kituo cha hewa, akaongeza
kwamba hata milima ya ng'ambo ile ya Kanada
huupinda upepo huo njiani:
kwao ushuke kutoka kaskazini,
kwangu upande kutoka kusini.
Sikumwelewa vizuri. Mama alikuwa akikohoa karibu yake.

Lakini sitajisifu.
Bahari ya huku haigandi, kwa hiyo haikanyagiki.
Feri ikifutwa, tunakaa madirishani kama barua zisizo na stempu.
Kwao baridi ileile inayomng'ata Amos masikio
ndiyo iliyomtandikia barabara
mpaka Hopedale, kwa mchumba wake.
Mimi, katika vuguvugu langu,
sijatembelewa na mtu tangu Krismasi.

Kabla ya kukata simu mama akauliza habari za ule mti.
Nikamweleza majani, shina, majivuno.
Akacheka mpaka kikohozi kikarudi.
"Mwambie asitambe. Jua ni letu sote.
Yeye ana mgeni tu, ambaye bado hajapewa jembe."

Jioni mvua ikaja, ikafuta chaki yangu.
Ule mstari wa Amos, anasema,
utakuwapo mpaka Mei, au Juni,
barafu ikichelewa kuondoka.
Siku hizi haichelewi.