Garbiñe Apanda Arrate

Miaka thelathini kiwandani Eibar
alikaza spoku za baiskeli za watu;
yake ikaning'inia ghalani, matairi yamesinyaa,
buibui kajenga kwenye usukani.

Daktari alitaja sukari, akataja magoti.
Hakutaja kilima.

Leo, na miaka yake sitini na minne,
gia ya mwisho, pumzi ya kuazima.
Kona ya tatu anashuka, anasukuma,
akijitia kutazama ng'ombe.

Kijana anampita: "Aupa!"
Hamjibu. Mate yamekauka.

Juu, ukungu, na kanisa lililofungwa.
Anaigusa spoku moja, inalia ting:
bado imekaza barabara.

Inabaki kuteremka.
Breki, anakumbuka, zilifungwa na zamu ya Koldo,
na Koldo alikuwa akisinzia.