Roho Juu

Watu husema "roho juu", wala hawaulizi
iko juu wapi. Juu ya paa? Juu ya Kadutu,
kule nyumba zinakopandiana mabega?
Mimi napajua mahali pake. Iko hapa kooni,
chini kidogo ya mfupa unaocheza
mtu akimeza mate yasiyokuwepo.

Leo redio imesema matokeo ya mtihani wa taifa yatatoka.
Haikusema saa.
Mama kanunua kopo la puda, ile ya watoto wachanga,
kalificha nyuma ya gunia la makaa
lisije likamletea dada yangu mkosi.
Sote tumeliona. Sote tunalikwepa kwa macho.
Nsimire anaosha sahani zilizokwisha oshwa.

Kazi yangu ni kuwamba ngoma za kwaya.
Ngozi ya mbuzi nailoweka usiku kucha,
kisha naivuta, msumari huku, msumari kule,
halafu naiacha juani.
Siku hiyo hakuna aipigaye. Inangoja tu,
imevutwa kila upande,
na ukiipitishia ukucha inalia
kabla haijawa ngoma.

Leo nimeelewa. Roho haikupanda yenyewe.
Imewambwa.
Na mwamba ngoma huvutia kwake:
mama anavutia chuo kikuu,
baba mdogo Zihindula anavutia deni la ada
alilokopa kwa jina lake,
mimi, nikisema ukweli, navutia nyama ya sherehe,
na katikati Nsimire, ngozi changa,
anaosha sahani.

Saa nane umeme ukakatika. Saa tisa mvua.
Jirani wa nyumba ya juu akapiga yowe,
tukasimama wote.
Ameunguza sombe.

Saa kumi na moja simu ikatetemeka mezani
kama mende aliyepinduliwa.
Nsimire akafuta mikono kwenye kitenge,
akaisoma ameelekea ukutani.
Uso sikuuona. Niliona mabega tu,
yakishuka, yakishuka,
na kuna kushuka kwa namna mbili.

Mama hakungoja kujua ni ipi.
Kopo lilikuwa mkononi tayari, kifuniko kiko sakafuni.
Puda ikapaa. Ikakaa hewani kitambo,
nyeupe, juu ya kichwa cha mwanawe,
haijaamua.